Uwanja wa Mama Edwin

Kule Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, mahali nyumba zinapoanza kupishana na mashamba ya mahindi, hapakuwa na uwanja uliofagiliwa mapema kama wa Dominika. Majirani walipofungua milango, ufagio ulikuwa umeshapita kwake kuanzia kizingitini hadi kwenye mparachichi, na mistari ya ufagio imenyooka utadhani mtu amepanga matuta. Moshi wa jikoni kwake ndio uliotangulia. Wanawake wenye mabinti wavivu walimtaja kwa jina lake la uzazi: "Mwangalie Mama Edwin!" Na mwaka jana wanajumuiya, wale majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kila Jumamosi alfajiri, walimwita mbele wakamfunga kitenge kipya, wakampa na beseni kubwa, wakasema huyu ndiye mama wa nyumba wa kuigwa. Vigelegele vikapigwa. Dominika akalipokea beseni kwa kulikumbatia kifuani, maana vidole vyake visingeweza kulishika, na moyoni akatamani ardhi ipasuke immeze.

Aliyekuwa akifagia uwanja ule ni mume wake, Polikarp.

Polikarp ni mtu wa miraba minne, mlimaji wa maksai, sauti yake ikitoka shambani inasikika barabarani. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akinyata gizani amevaa koti zito na kofia ya sufu, ameinama na ufagio wa nyasi, akifagia haraka haraka kama mwizi anayefuta nyayo. Akimaliza anawasha moto, anabandika maji, anakoroga uji wa ulezi, kisha anajitosa ndani na kufunga mlango. Hapo ndipo anamkuta mke wake ameketi ukingoni mwa kitanda, hajafunga hata kitenge, mikono ameilaza mapajani kama vitu vya kuazima. Anamletea maji ya moto kwenye beseni. Tangu mwaka jana beseni lilikuwa lile lile la zawadi. Dominika anatumbukiza mikono ndani ya maji na kusubiri vidole vikubali kuwa vyake tena.

Ugonjwa ulianza taratibu, zaidi ya miaka miwili nyuma. Asubuhi moja alishindwa kufungua kifuniko cha dumu la mafuta, akacheka, akamwita Edwin afungue. Siku nyingine ngumi haikufumba. Kisha magoti, kisha nyayo, na vifundo vya vidole vikavimba vikang'aa. Kitu cha ajabu ni kwamba jua likipanda mwili ulilegea. Mchana alikuwa mtu: anachambua maharage, anapepeta, anakwenda hata shambani kidogo. Waliomsikia akilalamika mwanzoni walisema ni baridi. Na kweli, baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita haina huruma, upepo unashuka milimani unaingia mpaka kwenye mifupa. Ukiwauliza watu wa mikoa mingine watakwambia mengine kabisa, ya uchawi, kuhusu Sumbawanga na watu wake, lakini hao tuwaache na midomo yao.

Lililomtesa Dominika kuliko maumivu ni magoti. Mwanamke wa Kifipa aliyelelewa vizuri hasalimii mkubwa akiwa amesimama kama mlingoti. Anashuka chini, anapiga magoti, anagonganisha viganja taratibu, ndipo salamu inatoka. Dominika alifundishwa hivyo na mama yake hata kabla ya kufundishwa kupepeta, na alipoolewa sifa yake ya kwanza ukweni ilikuwa hiyo. Mama mkwe wake, Jovina, alikuwa na nyumba ng'ambo ya njia. Zamani alikuwa akivuka kila asubuhi, anasimama uwanjani mpaka mkwewe atoke na kumwamkia kwa magoti, kisha anaondoka na furaha yake.

Ugonjwa ulipoanza, Jovina akaacha kuvuka asubuhi. Akawa anakuja mchana tu, jua likiwa kali. Dominika hakuuliza sababu. Alijua, au alidhani anajua: mama mkwe amepata fununu kwamba mwanawe anageuzwa mke, na amekasirika. Basi mchana akija, Dominika alishuka chini magoti yakiwaka moto, akagonganisha viganja, akatabasamu. Jovina aliitikia kwa kifupi akitazama pembeni. Kule kutazama pembeni kulimchoma mkwe wake hadi usiku.

Hospitalini alikwenda, usidhani hakwenda. Lakini sikiliza alivyokwenda. Huwezi kuingia kwa daktari ukiwa umeinama kama kunguru aliyenyeshewa, blauzi vifungo wazi. Kwa hiyo siku ya hospitali Polikarp alichemsha maji mara mbili. Dominika alikanda mikono, akakanda magoti, akameza vidonge viwili vya maumivu badala ya kimoja, akasubiri jua lipande, ndipo akapanda bajaji. Alifika mchana, akiwa laini kabisa. Akaingia chumbani, akapiga magoti mbele ya daktari, akagonganisha viganja.

"Habari za kazi, Daktari."

Daktari mwenyewe, Asnath, alikuwa binti mdogo, hana muda mrefu tangu atoke chuoni. Aliruka kutoka kwenye kiti chake. "Shikamoo mama! Inuka, jamani, kaa kwenye kiti. Utanifanya nipate dhambi bure."

Akamshika vidole, akavikunja na kuvikunjua. Vilikunjika. Uvimbe ulikuwepo, lakini si wa kutisha. Asnath alikuwa mwerevu, akauliza swali lililotakiwa kuulizwa.

"Mama, asubuhi ukiamka viungo vinakaza? Kazi zako za nyumbani unaziweza?"

Mlango ulikuwa wazi, kama ulivyo siku zote foleni ikiwa ndefu. Kwenye benchi la kwanza, hatua chache tu, alikaa Fransiska, mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuwa amefuata dawa zake za presha. Dominika alimwona. Akajua swali linalofuata: kama hawezi, basi nani anafagia? Nani anapika? Kichwani akamwona Polikarp na koti lake na ufagio, ametandazwa mbele ya benchi zima.

"Naamka vizuri tu, Daktari," alisema, na sauti akaipandisha kidogo ili ifike nje. "Nafagia, napika. Ni haya maumivu ya hapa na pale."

Asnath akamwambia ni uchovu wa jembe, akaandika vidonge vya maumivu. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo, na mingine iliyofuata. Kila mara mgonjwa alikuja mchana, kila mara alipiga magoti vizuri, na kila mara aliamka salama. Akirudi nyumbani Dominika alijiona mjanja kwa muda wa kutoka hospitali mpaka Izia. Akishuka kwenye bajaji, ujanja ulikuwa umeisha, imebaki aibu ya kumdanganya mtoto wa watu aliyemwita mama.

Mwaka huu, mahindi yalipokuwa yanavunwa, Asnath alimpigia simu. Kuna daktari bingwa wa magonjwa ya viungo anakuja kuwafundisha wao madaktari, anaitwa Sayi, na anataka kuwaona wagonjwa halisi. "Nimekufikiria wewe, mama. Kuna kitu kwenye vidole vyako sikielewi. Lakini itabidi ulale wodini siku moja, maana anataka kuwaona mapema." Kwa nini mapema, hakusema.

Dominika alijiandaa kama mtu anayekwenda harusini. Alifungasha kitenge cha zawadi, blauzi nyeupe, vidonge vyake, na chupa ya chai kubwa iliyojaa maji ya moto ya kukandia mikono. Chupa ile aliiweka chini ya kitanda cha wodini kama mtu anayeficha sadaka. Tatizo ni kwamba kitanda cha jirani alilala mama kijana mwenye mtoto anayekohoa. Jioni yule mama akageuka, akaona chupa, akamwomba kwa heshima zote: "Mama, una maji ya moto kidogo? Nimkorogee mtoto uji." Dominika alijua anachotoa. Lakini mtu akikuomba maji kwa ajili ya mtoto unamjibuje? Akampa. Mtoto akanywa uji, usiku akaomba tena, na chupa ikaisha.

Asubuhi vidole vilikuwa vimefungika. Alijaribu kufikia vidonge. Pakiti ikamponyoka ikateleza chini ya kitanda, na kuinama hakuweza. Umeme ulikuwa umekatika, nesi akasema maji ya moto labda baadaye. Blauzi alifanikiwa kuivaa kwa kusaidiana na meno. Vifungo vilimshinda. Kitenge akakibana kwa kiwiko. Alikuwa bado anahangaika hivyo wakati mlango ulipofunguliwa na kundi la makoti meupe likaingia, wanaume kwa wanawake, na Asnath akiwa mbele amejaa matumaini.

Dominika alitaka kushuka kitandani apige magoti. Mguu mmoja ulifika sakafuni, wa pili ukagoma. Akabaki pale, nusu amekaa nusu amesimama, blauzi wazi, kitenge kinateremka, na viganja vilivyotakiwa kugongana vimekakamaa hewani. Kundi zima likimwangalia.

"Nisameheni," alisema, na machozi yakatangulia maneno. "Nisameheni wakubwa, sijawasalimu."

Daktari Sayi alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Alivuta shuka akamfunika kifuani, akavuta na pazia upande wa wagonjwa wengine, ndipo akaketi karibu naye. Akaomba mkono. Akaupokea kwenye kiganja chake, akavibana vifundo vya vidole kidogo tu, kama mtu anayepima kama parachichi limeiva. Dominika akapiga yowe.

"Huyu mlimwona lini?" Sayi aliuliza.

"Mara nyingi, Daktari," alijibu Asnath. Uso ulikuwa umemshuka. "Lakini hakuwa hivi. Alikuwa anapiga magoti. Anapiga makofi."

"Saa ngapi?"

Asnath akafikiri. "Mchana. Siku zote mchana."

"Ulimwuliza kuhusu asubuhi?"

"Nilimwuliza. Alisema anaamka vizuri. Alisema anafagia na kupika."

Macho yote yakamgeukia Dominika. Alitazama chini kwenye saruji, na akaona pakiti yake ya vidonge ikichungulia chini ya kitanda. Hakuna aliyemkemea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Angekemewa angalau angepata pa kushika.

"Ulimwuliza mlango ukiwa wazi?" Sayi alisema.

Asnath akageuka akautazama mlango wa wodi.

Sayi akawafundisha pale pale, kwa upole, mkono wa Dominika ukiwa bado kiganjani mwake. Akawaambia hii ndiyo baridi yabisi yenyewe, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vyake. Asubuhi inafunga, mchana inalegea, na anayekuja kwako mchana amekwisha kuivua nusu ya ugonjwa wake akaiacha nyumbani. Akawaonyesha vidole viwili vya mkono wa kulia, vilivyoanza kulalia upande.

"Mkono wa kushoto tutauwahi," alisema. "Na magoti pia. Hivi vidole viwili, tumechelewa. Tungeanza mwaka jana vingepona."

Dominika alilisikia lile neno tumechelewa. Alijua daktari amelisema kwa adabu tu. Aliyechelewa ni yeye, kwa maji ya moto na beseni la zawadi.

Kundi lilipoondoka Asnath alibaki. Alimfunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja.

"Nisamehe, mama."

"Mimi ndiye nilikudanganya, Daktari. Mtoto wa watu nimekuumbua mbele ya mwalimu wako."

"Nani anakusaidia asubuhi nyumbani?"

Sasa pazia lilikuwa bado limevutwa, na mlango umefungwa. Dominika akamwambia. Akamwambia yote, koti, kofia, ufagio, uji, na akiwa anaeleza alijisikia kama anamvua mume wake nguo. Asnath hakucheka. Alimwandikia dawa mpya, kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki, na akarudia tena na tena kwamba si kila siku, na kwamba damu itapimwa mara kwa mara. "Na ukija, uje asubuhi. Usikande mikono, usimeze za maumivu. Na ukinipigia magoti, mama, nakurudisha nyumbani." Wakacheka kidogo, wote wawili macho mekundu.

Zamu ya jumuiya kusali kwake ilikuwa imewadia tena. Miaka miwili alikuwa akiikwepa: mara wageni wanakuja, mara mtoto anaumwa, mara waje jioni. Safari hii alituma ujumbe kwa Fransiska: njooni alfajiri, kama kawaida. Kisha akamwambia Polikarp asifagie gizani.

"Nifagie lini?"

"Watu wakifika wakukute."

Polikarp alimgeukia mke wake. "Unataka wanione?"

"Nataka wanione mimi. Wewe umeshajificha vya kutosha kwa ajili yangu."

Jumamosi hiyo alikaa kwenye kiti nje ya mlango, amejifunga blanketi, mikono haikukandwa. Baridi ilikuwa ile ya kutoa moshi mdomoni. Polikarp alikuwa katikati ya uwanja na ufagio, amekakamaa kama askari aliyekosea gwaride. Wa kwanza kufika alikuwa Jovina, nyuma yake Fransiska na wanawake wengine na rozari zao. Wote walimwona mwanaume na ufagio. Wote wakapita kana kwamba ni kitu cha kila siku.

Dominika alisimama kwa kushika fremu ya mlango.

"Shikamoo, mama," alimwambia mkwewe. "Nisamehe, sijapiga magoti. Asubuhi siwezi. Ni mwaka wa tatu siwezi. Siyo mimi ninayefagia huu uwanja, wala uji siupiki mimi. Lile beseni mlilonipa mlimpa mtu mwongo." Akawageukia na wengine. "Nimewadanganya wote."

Wanawake walitazamana, wakatazama chini. Alisubiri mtu agune, au acheke, au hata aondoke.

"Marahaba, mwanangu," alisema Jovina. "Kaa kwanza, miguu inakutetemeka." Alimkalisha mwenyewe. "Hukumdanganya mtu. Mimi ndiye niliyemzaa huyu bwana. Hivi unadhani siujui ufagiaji wake? Mwanamke anafagia kwa kuzungusha mkono. Huyu anavuta mistari kama yuko nyuma ya maksai."

Mmoja wa wanawake alishindwa kujizuia, akacheka, kisha akajiziba mdomo.

"Kwa nini unadhani niliacha kuja asubuhi?" Jovina aliendelea. "Nilikuona siku ile ukijikokota unishukie magoti. Nikasema, nisimtese mtoto wa wenzangu. Nikawa nakuja mchana. Nikija napo unashuka, siwezi hata kukutazama."

Dominika alimgeukia Fransiska. "Na wewe?"

"Sote, Mama Edwin," Fransiska alisema taratibu. "Ile zawadi tuliitoa ili upate moyo. Tuliona unanyong'onyea."

"Siku ile hospitali. Ulikuwa kwenye benchi. Nilimwambia daktari nafagia, napika."

Fransiska alikunja rozari mkononi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilisikia," alisema. "Nilijua unasema uongo. Nikanyamaza. Ningeanzaje kukuumbua mbele za watu?"

Basi Dominika akaelewa, na aibu ikamrudia upya, si ile ya zamani tena. Izia nzima ilikuwa inajua. Mama mkwe alijua akabadilisha saa zake za kutembea. Majirani walijua wakamnunulia beseni. Miaka miwili wote walizunguka maumivu yake kwa adabu, kila mtu akimfichia mwenzake, na katika mji mzima wa Sumbawanga aliyekuwa hajui ni mmoja tu, yule binti mwenye dawa.

Alilitazama benchi lile la hospitali kichwani mwake. Hatua chache tu zilikuwa kati yake na Fransiska, na neno moja la yeyote kati yao lingetosha. Hakuweza kumchukia. Angekuwa yeye kwenye benchi, angenyamaza vile vile.

"Tuanze sala," alisema Jovina.

Wanawake wakapiga magoti kwenye uwanja uliofagiliwa nusu. Polikarp akavua kofia, akaegemeza ufagio kwenye mparachichi, akapiga magoti naye. Dominika alibaki kwenye kiti. Alichomoa mkono wa kulia kutoka ndani ya blanketi, wenye vile vidole viwili ambavyo havitanyooka tena, akaupandisha pole pole hadi kwenye paji la uso, mahali ambapo wote wangeuona, akaanza: "Kwa jina la Baba."